Debe la Asali Juu ya Mnara

Mjukuu wangu Sesilia,

Marahaba. Hapa Mtendeni bibi yako anakohoa, mimi nimechoka tu. Umeniuliza kama niliwahi kupanda huo mnara wa taa wenye bustani kando ya bahari. Nilipanda ujanani, nilipopeleka pwani asali niliyorina mwenyewe, nikataka kuiona bahari kutoka juu.

Mlinzi Mzaramo alinizuia mlangoni. "Mnyamwezi, tua mzigo! Huku hakupiti msafara."

"Nikuachie wewe, mtani? Utailamba yote, na kwa utani wetu sina pa kushtaki."

Akacheka, akanifungulia. Nikapanda na debe begani. Kule juu niliogopa asali isimwagike, macho yakabaki kwenye kifuniko. Bahari sikuiona.

Sasa magoti hayapandi. Picha uliyopiga huko juu ukanitumia imejaa uso wako. Rudi mnarani, simu mwachie mlinzi, utazame, kisha uniandikie bahari ikoje.

Babu yako