Tecla Hakuniomba Nimdhamini

Kirushya, Ngara
Jumapili, baada ya misa

Mdogo wangu Ernesta,

Marahaba, shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa. Magoti yanasemaje huko Nyabusozi? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo umechacha kama pombe ya ndizi iliyosahaulika mtungini. Anayeniandikia ni katekista Idefonsi. Nimemkataza kupunguza neno.

Unamkumbuka Tecla, niliyechota naye maji tangu hatujaota matiti? Mwezi uliopita aliomba mkopo kwenye kikoba chetu, anunue mbegu za maharage na mbolea. Kwetu hukopi bila mdhamini: ukishindwa kulipa, mali yake ndiyo inachukuliwa. Basi nikakaa nimenyoosha shingo, nangoja kutajwa. Akamtaja Leonsia!

Leonsia, yule Msukuma aliyehamia juzi na ng'ombe wake na kicheko cha kufukuza ndege shambani. Salamu yetu anaitamka kama anatafuna kokoto. Nilimchukia hadi kitenge chake. Kila asubuhi alipompelekea Tecla maziwa, mimi nilisimama nyuma ya migomba nawahesabia hatua.

Alhamisi iliyofuata mwenyekiti Juvenali akatangaza kwamba mkopo umezuiwa, maana amesikia shamba la Tecla linagombaniwa na shemeji zake. Tecla akatoka bila kuaga. Jioni akaja kwangu, akakaa jikoni, akalia. Nikamuuliza kwa ukali mbona asiende kulia kwa mdhamini wake.

Akanitazama kama nimemuuliza jina la mama yake. Akasema mwalimu wa kikoba alitufundisha kwamba mtu haweki rehani kitu ambacho kikipotea, naye hana maisha tena. Leonsia ana zizi; akichukuliwa ng'ombe mmoja watanuniana mwaka, yatakwisha. Mimi nina mbuzi wawili tu. Mimi hakuniweka rehani, alisema, kwa sababu akinipoteza mimi hana tena jiko la kulilia. Kisha akaniita mjinga, akajipangusa kamasi kwa kanga yangu.

Ernesta, somo lile nililisikia kwa masikio haya haya. Nilidhani linahusu mbuzi.

Sasa kaa chini. Aliyempelekea Juvenali habari ya shamba ni mimi. Hakuna ugomvi wowote. Shemeji zake hata mpaka wa shamba hawaujui. Ni wivu, mdogo wangu, mzee mzima mimi. Mvua imeanza, sote tumepanda, shamba lake limekaa tupu kama kichwa kilichonyolewa msibani, nami nalipita kila siku nikienda kisimani.

Alhamisi nitasimama mbele ya kikoba niseme. Wakinifukuza, wanifukuze, mvua bado changa, akipewa mkopo wiki hii atawahi. Lakini Tecla nitamwambia leo, asije akasikia kwa watu. Naogopa. Akinitoa jikoni kwake nitakaa mlangoni, akinitoa mlangoni nitakaa barabarani, apite akinitukana hadi achoke. Na Leonsia bado namwonea wivu, sikudanganyi.

Wasalimie wajukuu, umwambie Joyceline ale ashibe, nimesikia amekonda. Uniombee, halafu unitukane kidogo, nimestahili.

Ni mimi dada yako, ninayekwenda sasa hivi kwa Tecla,

Kankindi
(dole gumba langu hilo hapo)