Sisimizi Wasiofanya Kazi na Shamba la Bondeni

Kaka Deo,

Shikamoo. Natumaini wote mu wazima, na kwamba goti la Mama limepata nafuu. Mimi niko salama hapa Ujerumani. Baridi imeanza, nimeizoea. Maharage yao tu ndiyo hayaivi hata uyabembeleze.

Uliniuliza kwenye simu kazi yangu ni nini hasa, nikakujibu "kompyuta" kwa sababu mtandao wa Murusagamba ulikuwa unakatika. Ukweli ni kwamba nachunguza sisimizi. Usicheke. Tunawafuga ndani ya visanduku vya kioo, kila mmoja ana tone la rangi mgongoni, nami natazama nani anabeba chakula na nani analea watoto. Kisha natengeneza sisimizi wa kwenye kompyuta, nawapa kanuni chache, naangalia kama watashirikiana kama wale walio hai. Hawana mnyapara, kila mmoja anamfuata jirani yake tu.

Mwanzoni niliona wengi wamesimama mchana kutwa bila kazi. Unajua tulivyolelewa: katika ikibiri, asiyekwenda na jembe kulima kwa mwenzake, kwake hakulimwi, na pombe ya ndizi haonji. Basi kwenye kompyuta nikawafuta wavivu wote. Kundi likachapa kazi, nikajisifu. Profesa wangu, mama asiyecheka ovyo, akaniambia, "Sasa waondoe nusu ya wabebaji." Nikawaondoa, na kundi zima likafa njaa. Tulipofanya hivyo kwenye kisanduku cha kioo, wale waliokuwa wamesimama wakaanza kubeba. Kumbe walikuwa akiba.

Nimekueleza haya kwa sababu ya shamba la bondeni ambalo marehemu Baba alinigawia. Dada yetu Domitila amerudi kutoka Bugarama, mjane na watoto wake, hana pa kupanda hata mhogo. Wewe unataka umpe. Mama amekataa, anasema shamba la mtu aliye hai haligawiwi. Mnangoja neno langu, na mvua hazimngoji mtu.

Nilipoona wale sisimizi wa akiba nilifurahi sana. Nikaanza kumwandikia Mama kwamba na mimi ni akiba yenu, mnitunzie. Sikuimaliza barua hiyo. Sisimizi wa akiba hukaa humohumo kiotani, mwenzake akianguka yeye yupo. Baba alipoanguka kwenye migomba, wewe na majirani ndio mliombeba kwa machela hadi barabarani. Mimi habari ilinikuta kazini, nikaendelea kutazama sisimizi, maana sikuwa na lingine la kufanya.

Mpe Domitila shamba. Si la kuazima, liwe lake na watoto wake. Waite majirani wa mipakani na mwenyekiti wa kitongoji washuhudie. Imeniuma, kaka, sifichi. Lile shamba ndilo lililonifanya niseme "kwetu" bila kusita.

Nisalimie shemeji na watoto, na mama mdogo wa Nyarubungo akija kuwaona. Domitila mwambie asinishukuru, apande.

Mama mweleze taratibu, Jumapili baada ya misa, akishakula. Najua atakuuliza siku nikirudi nitafikia wapi. Mwambie nitafikia kwa dada yangu.

Mdogo wako,
Fidelis