KIPIMA UPEPO KUSOMA SIFURI ASUBUHI PAA LILIPONG'OKA

Kumbukumbu za kikao cha dharura cha Umoja wa Majirani, Jumamosi, saa 12:20 asubuhi, juu ya paa la zege la Mtunza Kituo.

Waliohudhuria: Mwenyekiti; Mtunza Kituo (fundi redio mstaafu, mwenye kituo cha hali ya hewa); Fundi Cherehani; Katibu (shemeji wa Mtunza, anakaa chumba cha chini).

Hakuhudhuria: Mwashi, anamuuguza mama mkwe, Mungu amjalie nafuu.

KUMB. NA. 1/9: KUFUNGUA
Baada ya dua fupi, Mwenyekiti alieleza kwamba saa hii ya baridi ilichaguliwa na Mtunza, aliyelalamika kuwa kifaa hukaguliwa mchana tu, kikiwa kizima. Mwenyekiti alipiga miayo mara mbili.

KUMB. NA. 2/9: MALALAMIKO
Fundi Cherehani alikumbusha kuwa kila asubuhi hutazama namba za upepo kwenye simu. Zikizidi thelathini hukaza kamba za paa la kibanda chake. Siku ile paa lake lilipong'oka zilisoma sifuri. "Sifuri, na mimi nakimbiza bati barabarani," alisema. Alidai Mtunza hukizima kifaa ili kubana betri, akataka kituo apewe Mwashi. Mtunza alijibu kwamba hajakizima hata alipolazwa hospitali, na kwamba akinyang'anywa hatapanda tena paa lake mwenyewe.

KUMB. NA. 3/9: UKAGUZI
Betri mpya iliwekwa: sifuri. Waya ulifuatwa kwa kidole kutoka mlingotini hadi sebuleni, haukukatika popote: sifuri. Upepo ulikuwa ukivuta mtandio wa Katibu, lakini vikombe vya kipima upepo, vinavyopaswa kuzunguka, vimesimama tuli. Mtunza alivizungusha kwa mkono, skrini ikatoa namba, kisha vikagoma. Ikaonekana umeme ni mzima. Kilichokwama ni shingo ya vikombe.

Shingo ilifunguliwa. Ndani kulikuwa na utando wa njano wenye vumbi, mzito kama gundi, ambao jua huulainisha na baridi huugandisha. Fundi Cherehani alinusa, akasema, "Mafuta haya si ya mashine. Haya ni ya kukaangia."

KUMB. NA. 4/9: MAELEZO YA KATIBU
Katibu, ambaye huanika nguo hapo juu, alieleza kwamba ni yeye. Kifaa kilikuwa kikilia wakati wa sala yake ya alfajiri, akakitia kijiko kimoja cha mafuta ya jikoni kwa nia njema. Hakuyaunganisha mambo haya mpaka harufu ilipotajwa.

Mwenyekiti alipendekeza iandikwe "jirani mmoja" badala ya Katibu. Katibu alikataa, maana Mungu ameshaona.

Mtunza alisema, "Shemeji, vikao viwili vilivyopita naitwa mzembe, na wewe ndiye uliyekuwa unaandika."

Katibu aliyaandika maneno hayo pia.

KUMB. NA. 5/9: MAAZIMIO
Shingo ioshwe kwa spiriti na irudishwe kavu; ikafanyika papo hapo. Mtunza abaki na kituo chake. Fundi Cherehani aliondoa hoja yake, ila alisema bati bado liko chini. Katibu atamshikia ngazi kesho.

Neno "mzembe" lifutwe katika kumbukumbu za vikao hivyo viwili, na Katibu asome hizi mwenyewe mbele ya majirani wote. Mtunza alipoulizwa kama ameridhika, alisema atajibu akishasikia zinasomwa.

Wajumbe waliteremka saa 1:15, upepo ukisoma ishirini na sita. Mtunza alibaki juu, hakuaga.

Mwenyekiti: amesaini
Katibu: nimesaini