Wilaya Yetu Imeongoza

Dada mpendwa,

Huku mvua imekatika, na mpwa wako ameota jino la tatu.

Kazini nimekuwa nikilinganisha ajira za huduma, za hoteli, maduka na kadhalika, wilaya kwa wilaya. Kwa miaka ishirini yetu ilivuta mkia, lakini miaka miwili hii imezipita zote. Nilicheka peke yangu kama mwehu, nikaomba nitumwe nyumbani nikajionee hizo hoteli na maduka.

Dada, hakuna hoteli. Kiwanda alikostaafu Baba kimefungwa, pensheni za wazee zimekufa nacho, na ajira mpya ni za walinzi wa majengo matupu. Mkuu wangu anasema ulinzi nao ni huduma, hesabu iko sawa.

Kwenye geti la mojawapo ya majengo hayo, mlinzi mmoja aliinuka kwa shida, sare inampwaya, akanipigia saluti kabla hajanitazama usoni. "Karibu, bosi. Nikusaidie nini?"

Nilipomwamkia, akaitambua sauti yangu. Alikuwa Baba, huyu anayetuambia kwenye simu kwamba anapumzika.

Aliniomba jambo moja tu: "Dada yako asijue."

Basi ukimpigia, usimuulize kama amepumzika.

Mdogo wako