Rafiki Yangu Kaniua kwa Ajili ya Shamba la Njegere

Shangazi Hester mpendwa, nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujacheka, maana mke wangu Glenys alicheka kwanza, kulia akaja kulia baadaye.

Mimi ni fundi bomba mstaafu wa huku Shropshire, na kwa miaka mingi nimewinda njiwa-mwitu kwenye shamba la Mzee Wilfred Tranter, bila mkataba wala karatasi, neno lake tu mlangoni pa jikoni, "Lionel, we piga hao njiwa wanaokula njegere zangu, na geti ukilikuta limefungwa ulifunge ukishapita," na neno hilo nimelishika, maganda ya risasi naokota hadi la mwisho, kondoo akitumbukia mtaroni namtoa, njiwa nawanyonyoa nampelekea mkewe Bi Mabel wakiwa tayari kwa sufuria, Krismasi chupa ya wiski haikosi, na mzee naye kila anayekuja kuomba kuwinda pale anamjibu, "Nina mtu wangu," basi, yamekwisha, maana wakulima wa huku ndivyo walivyo, akishakukubali, nafasi ni yako mpaka ufe.

Hiyo "mpaka ufe" ndiyo iliyoniponza.

Nina rafiki, Duncan Fewtrell, tumekunywa pamoja tangu ujana. Shamba alilokuwa akiwinda liliuzwa wakajenga nyumba, akawa anakaa baa na uso wa yatima, nikamwonea huruma nikampeleka kwa Mzee Tranter kama mgeni wangu, mara ya kwanza niliomba, zilizofuata sikuomba kwa kweli, niliona mzee keshamjua inatosha, nikamwonyesha njiwa wanakopita, nikamkalisha chini ya mwaloni, kona yangu mwenyewe, ndani ya kibanda changu cha wavu cha kujifichia, na njiwa wangu wa bandia wa kuwavutia wenzao nikampangia mimi. Halafu nikapasuliwa goti, nikawa wa kukaa ndani wiki baada ya wiki.

Jumamosi moja kengele ya mlango ikalia, Glenys yuko bafuni, nikajikokota na magongo nikafungua. Ni Bi Mabel, koti jeusi, kofia nyeusi, kashika bakuli la pai ya tufaha bado lina moto. Akaniangalia. Shangazi, yule mama alipiga ukelele majirani wakatoka nje! Bakuli likamponyoka, nikalidaka, gongo likaenda kule.

"Bi Mabel, una nini?"

"Lionel! Wewe si umekufa?"

"Nani kasema?"

"Duncan! Kasema moyo, usingizini, na mazishi yalikuwa ya familia tu. Wilfred kalia jamani, hakulia vile hata alipomzika mbwa wake."

Kumbe Duncan aliwaambia pia maneno yangu ya mwisho yalikuwa kwamba pale shambani nafasi yangu ya kuwinda abaki nayo yeye. Maneno ya mwisho, na huku nimefia usingizini! Na mzee akamkubalia palepale, ila akasema pale kwenye mwaloni asikae mtu, ile ni kona ya Lionel. Bi Mabel kunieleza hayo akageuka, akaenda zake garini.

Nikampigia Duncan. Unajua kanijibu nini? "Aa, Lionel, usikuze mambo. Na goti hilo ungerudi lini? Na mzee unamjua, asingenipa hivihivi." Hivihivi! Kwa hiyo ikabidi nife! Na mzee alipombana Duncan, Duncan akamwambia ulikuwa utani wetu sote wawili, eti mimi nilijua. Sasa geti limetiwa mnyororo mpya, mzee simu yangu hapokei, na sote tumepigwa marufuku. Marufuku naweza kuivumilia, lakini yule mzee anaamini nilikaa nyumbani nikicheka huku yeye ananililia, na hilo linaninyima usingizi.

Nimtumie ujumbe wa simu nimweleze yote? Nimshtaki Duncan kwenye klabu yetu ya wawindaji? Au ninyamaze nitafute shamba jingine? Na pai tuliila, Shangazi. Kuitupa ingekuwa dhambi.

Lionel Beddoes, marehemu

*

Lionel,

Nimekusoma mara mbili, na chai yangu imepoa. Kwenye safu hii nimeletewa watu walioibiana mbwa wa kuwindia, na waliompigia mkulima simu kuomba nafasi ya marehemu kabla maiti haijafika kanisani. Lakini kumwua mtu mzima anayeuguza goti ili uketi kwenye njegere zake? Salaale! Huyo Duncan hana hata haya ya kusubiri ufe kweli. Pole sana, baba.

Haya, pole imekwisha, sasa njoo hapa. "Zilizofuata sikuomba." Ruhusa ile ilikuwa yako? Mzee alikuruhusu wewe uingie, hakukuruhusu uigawe. Kila ulipompitisha mwenzako getini bila kuuliza ulimfundisha kwamba neno la mzee linarukika, na amefundishika vizuri. Na wiki zote hizo umekaa na goti lako, hukumpigia mzee hata simu moja? "Nimepasuliwa, naendelea vizuri, njiwa wakizidi niambie." Ungesema hayo tu, nani angeweza kukuzika?

Ujumbe wa simu usitume. Mtu akikulilia humjibu kwa kidole gumba. Klabuni utasema, na useme kweli tupu bila kuongeza chumvi, lakini baadaye. Huyo Duncan hana pa kwenda, kijiji kizima kitamjua.

Kwanza, bakuli liko wapi? Umeeleza pai, umeeleza gongo, bakuli la mwenyewe hukulitaja tena. Lioshe. Glenys atie kitu ndani, keki, jemu, chochote alichotengeneza kwa mkono wake, na aendeshe yeye. Mwende mchana, bila bunduki, bila mbwa. Mlango wa jikoni. Anza na Bi Mabel, maana yeye ndiye aliyekuja kuhani akakutana na maiti imesimama. Kisha mwambie mzee: "Sikujua. Lakini nilimleta hapa bila kukuomba, na hilo ni langu." Basi. Njiwa usiwataje, mnyororo usiutaje, ruhusa usiiombe. Ukipewa chai, kunywa. Wasipofungua, acha bakuli kizingitini urudi nyumbani, usiwasumbue.

Ila sidhani watakufungia. Wewe umelitaja kama la kupita, mimi nimelirudia kulisoma: mzee alipokwishaamini umekufa, shamba alitoa, kona yako hakutoa. Angemwogopa nani, nawe hukuacha mtu wa kukudaia kona hiyo? Aliiweka tu. Kisha akaambiwa machozi yake yalikuwa kichekesho chenu. Huyo mzee ana aibu, Lionel, na mnyororo ule kauweka asionekane.

Nenda akuone uso. Usingoje goti lipone, nenda na magongo yako.