Kamba ya Kupimia Mguu wa Koko

Mdogo wangu Amani,

Huku Kirolirwe sote tunakusalimu, maharage yamechanua. Unauliza kwa nini Koko, bibi yetu, hakandwi tena mguu.

Mguu ulipovimba, Shangazi alianza kumsugua mama yake kwa siagi ya ng'ombe. Nikakumbuka somo la biolojia na haya ikanitoka: "Shangazi, acha! Kama damu imeganda, itapanda mu mapafu!"

"Leo wewe njo munganga?" akacheka kuniita daktari, lakini akaacha.

Hospitalini walithibitisha. Dawa inazuia bonge la damu lisikue. Utando wa ndani ya mshipa wenyewe ndio unaotoa kitu cha kuliyeyusha, polepole.

Mimi situlii. Kila asubuhi nazungushia mguu wake kamba niliyoikata siku ile kwa kipimo cha uvimbe.

"Unanishonea suruali?" Koko ananitania.

Leo kamba imezidi mguu kwa kidole kimoja. Uombe izidi tena.

Dada yako, Neema