Kitabu Kilichobaki Kolo

Jumanne, 10 Juni

Maktaba tena. Foleni ya kurudisha vitabu imefika mlangoni. Wanafunzi wenzangu wote ni watoto, mimi peke yangu nina mvi. Wananiita Mwalimu, na kweli ni mwalimu, niko likizo ya masomo. Lakini wanavyolitamka jina hilo ni kama wananiambia babu.

Dada Skola wa kaunta amekipekua kitabu changu ukurasa kwa ukurasa kama anatafuta chawa. Kaiona alama ya chai. Nikamwambia niliikuta. Hakujibu, aliitazama tu ile alama, kisha akanitazama mimi. Watoto wanamwita Mama Kimya, na leo nimeelewa. Simpendi.

Tasnifu ninayoihitaji nimeipata. Imepigwa taipureta, karatasi zimekuwa njano, na nakala ni hiyo moja tu. Mtu aliwahi kuzunguka Kondoa akiandika maneno ya wazee kuhusu miamba yenye michoro. Haitoki nje ya chumba cha nakala adimu. Mashine ya fotokopi imekufa tangu mwezi uliopita. Nimejaribu kupiga picha kwa simu yangu, kamera inaona ukungu mtupu.

Nimenakili kwa mkono mpaka vidole vimekakamaa.

Alhamisi, 12 Juni

Leo nimepata kitu. Mmoja wa wazee waliohojiwa ni Mzee Salimu wa Kolo, huko huko Kondoa. Keshokutwa naenda Kolo. Bakari, tuliyesoma naye chuo cha ualimu, anafundisha huko. Nikampigia kumuuliza kama anaujua ukoo huo. Akacheka. Bi Hawa binti Salimu ndiye jirani yake, wanachangia ua.

Nikaenda kaunta. Nilijua jibu. Nikaomba hivyo hivyo. Nilimwambia Skola kwamba yuko mama Kolo ambaye maneno ya baba yake yamo humu, na huenda hajui kama yapo.

Aliiweka kalamu chini. Kisha akasema upo utaratibu: mhudumu akimdhamini msomaji, kitabu cha chumba kile kinaweza kutoka siku za mwisho wa wiki. Hakuna anayemdhamini mtu. Akachukua kalamu akaandika jina lake mwenyewe.

"Jumatatu asubuhi, Mwalimu. Wewe mwenyewe, mkononi mwangu."

Yale niliyoandika juzi kuhusu yeye sitayafuta, lakini nimeyaonea aibu.

Jumamosi, 14 Juni, Kolo

Naandikia nyumbani kwa Bakari, jua bado lipo. Sitaki siku hii inipotee.

Bi Hawa alikuwa uani anabangua karanga. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuinua macho. Kazi yake haikusimama hata nilipoanza kusoma.

Baba yake anasimulia mwaka wa ukame. Watu wazima walipanda mwambani kuomba mvua. Yeye alikuwa mtoto, akaachwa chini na mbuzi. Akaogopa. Akalia mpaka mbuzi wakatawanyika, na wazee waliposhuka ikabidi wawatafute mbuzi kabla ya kuiangalia mvua.

Karanga zikakoma. "Alilia?" akauliza. Nikasema ndivyo ilivyoandikwa. Akacheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Baba yake alikuwa mkali, hakuwahi kumwambia mtu kwamba alilia. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Wakaja majirani, nikarudia tena. Sauti imekauka na nimefurahi kupita kiasi.

Akauliza kitabu ni cha nani. Nikamweleza habari za maktaba, na za Skola aliyeniandikia dhamana. Akalitamka jina hilo mara mbili, taratibu, kama mtu anayelihifadhi.

Jumapili, 15 Juni

Nina hofu.

Nimefika nyumbani Miyuji, Dodoma, mchana. Mwajuma, mke wangu, kalifungua begi anitolee nguo za kufua. Viazi vitamu. Karanga. Viazi tena. Tasnifu haipo.

Nimelikung'uta begi juu ya mkeka. Mchanga tu.

Najua kilichotokea. Asubuhi nilipokwenda kuwaaga majirani, Bi Hawa alilichukua begi anifungie zawadi. Mgeni haondoki kwake na begi jepesi. Viazi havikuenea, akakitoa kitu kimoja kikubwa ili vienee. Na mimi nikalibeba begi, nikaona ni zito kama jana, nikaridhika. Mtu mzima, mwalimu, nimebeba viazi nikidhani ni kitabu.

Simu ya Bakari haipatikani. Mwajuma anasema kula kwanza. Siwezi kula viazi hivi.

Jumatatu, 16 Juni

Nilikuwa mlangoni kabla maktaba haijafunguliwa. Skola aliponiona mikono mitupu alijua.

Nilimweleza yote. Nilitegemea anifokee, ningepumua. Hakunifokea. Alikiweka sawa kibandiko cha kitabu cha mtu mwingine, kisha akasema mambo mawili kwa sauti ya chini. Mkataba wake unakwisha mwezi huu. Na Ijumaa mkuu wa maktaba anarudi safari, atakikagua chumba kile kabla ya kuamua nani anaendelea.

"Kumbe ulikuwa unajua," nikamwambia. "Ukaandika jina lako hivyo hivyo."

"Ulisema yuko mama hajui."

Basi. Akamwita msomaji aliyefuata.

Bakari amepatikana jioni. Tasnifu ipo! Bi Hawa ameiweka kabatini juu ya sahani zake nzuri, ameifunga kwa khanga mpya. Nikasema haraka, mpe kondakta wa basi la kesho, nitampokea stendi. Bakari akaenda kumwambia, akarudi kwenye simu. Bi Hawa amekataa. Kitu cha mgeni hakipitishwi kwa mikono ya watu wasiojulikana. Ama nikifuate mwenyewe, ama atakileta yeye, akimaliza kung'oa karanga.

Nimekasirika. Nimekasirika sana, na aliyenikasirisha ni mama aliyenijazia begi chakula. Mtihani upo kesho na keshokutwa. Siwezi kuondoka kabla ya Alhamisi.

Jumanne, 17 Juni

Mtihani. Nimeandika. Sikumbuki nini.

Nimepita nje ya maktaba, sikuingia. Dirishani nimemwona Skola anapanga vitabu. Ndugu zake wako Kigoma, hapa amepanga chumba Majengo, sokoni kabisa. Hayo nimeyasikia kwa watoto. Amefika mbali kwa ajili ya kazi hii. Nikashika njia.

Jumatano, 18 Juni

Mtihani wa pili umekwisha. Upepo wa baridi na vumbi. Nauli ya kesho ipo, nitapanda basi la kwanza. Nimempa Bakari habari. Simu ilikata kabla hajajibu.

Mwajuma amevichemsha viazi vya Kolo. Nimekula viwili. Ni vitamu, na hilo nalo limeniudhi.

Alhamisi, 19 Juni

Niandike kwa mpangilio, kichwa kinazunguka.

Nilikuwa stendi alfajiri na tiketi mkononi. Bakari akapiga. Bi Hawa ameondoka tangu usiku na lori la mahindi la kijana wa jirani. Karanga zilizobaki kaziacha shambani. Hana simu. Nyumba yangu haijui, Dodoma hajafika tangu binti yake alipokuwa mdogo. Kabeba kikapu.

Nikairudisha tiketi. Malori ya nafaka yanashusha Majengo, nikaenda Majengo. Niliuliza kila aliyekaa juu ya gunia: mama mtu mzima kutoka Kolo, kikapu, khanga? Mmoja akaniambia mama kama huyo alishuka muda mrefu, akapanda bajaji, na alikuwa anauliza chuo. Vyuo Dodoma ni vingi. Nikaona nimekwisha. Nilisimama katikati ya soko nikitaka kulia kama mtoto mwenye mbuzi.

Simu ikaita. Namba nisiyoijua.

"Mwalimu, ni Skola. Njoo. Mgeni wako yupo hapa."

Ndala za Bi Hawa zilikuwa mlangoni pa maktaba, zimepangwa vizuri, pembeni ya viatu vya watu wasiovua viatu. Mlinzi kanisimulia wakati naingia. Mama huyu alifika akataja jina moja tu, Skola. Bajaji ilimpitisha kwenye chuo kingine kwanza, huko wakamwambia hakuna Skola, akasema basi si hapa, twende. Mlinzi alimwomba amwachie mzigo, akakataa. Mhudumu mwingine akanyoosha mikono, akakataa. Aliyeazimisha ndiye wa kupokea.

Nikaingia. Chumba cha kusomea kilijaa, ni msimu wa mitihani. Kimya cha kawaida hakikuwepo. Kulikuwa na sauti ya mtu mmoja anasoma.

Skola. Mama Kimya mwenyewe. Amesimama nyuma ya kaunta, khanga mpya imefunguliwa, tasnifu iko mikononi, anasoma kwa sauti habari za mtoto aliyeachwa na mbuzi chini ya mwamba. Bi Hawa kakaa kwenye kiti mbele yake, mikono mapajani. Aliomba asomewe mara moja tu kabla ya kukirudisha. Watoto wote wameinua vichwa. Hakuna aliyecheka mpaka mbuzi walipotawanyika. Hapo Bi Hawa akacheka, na chumba kizima kikacheka naye.

Skola alipomaliza, alikifunga taratibu. Hakukipekua kurasa. Ndiyo mara ya kwanza namwona anapokea kitabu bila kukipekua.

Bi Hawa akakisogeza kikapu. Kilikuwa kimejaa karanga, na alikuwa amemletea yeye, si mimi. Ilani ya kukataza chakula iko ukutani juu ya kichwa chake. Skola akaitazama ilani, akakitazama kikapu, akakipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mama," akasema. Na macho yake, yale yale yaliyoiona chai yangu, yalikuwa yamelowa.

Nilimpa Bi Hawa shikamoo. Safari hii aliinua macho.

"Marahaba, mwanangu. Nilikutolea kitabu chako, nisamehe. Niliona ni kizito kuliko viazi, nikasema utachoka."

Mkasirikie mtu huyo, kama unaweza. Mimi nimeshindwa.

Amelala kwetu. Mwajuma na yeye wameongea tangu magharibi kama dada waliopotezana. Wamemaliza habari zangu zote, naona sasa wanaanza za ukoo.

Ijumaa, 20 Juni

Nimempeleka Bi Hawa kwenye basi. Kikapu chake kimebaki kwa Skola. Nilitaka kukifuata, akanikataza. Kitarudi, alisema. Akapanda.

Mkuu amekagua. Kila kitu mahali pake. Skola kanitumia ujumbe wa neno moja: "Kipo."

Nimeshukuru. Nimekaa kwenye ngazi za nyumba yangu nikashukuru kwa mdomo, peke yangu, Mwajuma akadhani niko kwenye simu.

Jumanne, 24 Juni

Skola ameongezewa mkataba. Nimezisikia habari hizi kwa watoto, yeye hasemi. Nilipofika kaunta aliniuliza kama nina kitabu cha kurudisha au nimekuja kupoteza muda.

Halafu akainama, akatoa kikapu chini ya meza. Hakikuwa kitupu. Mashine ya fotokopi imepona. Ametoa nakala ya kurasa za Mzee Salimu, amepata ruhusa kwa mkuu, amezishona vizuri na kuzivika karatasi ya kaki kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza. Juu yake pakiti ya majani ya chai.

"Hiki kirudishe wewe mwenyewe," akasema. "Mkononi mwake."

Mwajuma ameongeza sukari na sabuni. Naona hata mimi nimwongezee kitu, sijui nini.

Jumamosi, 28 Juni, Kolo

Nimefika salama. Mimi nimemwongezea Bi Hawa miwani ya kusomea. Bakari amekubali kumfundisha kusoma jioni, ukurasa mmoja mmoja, kuanzia pale mbuzi wanapotawanyika.

Bi Hawa alikitoa kitu kimoja kimoja kikapuni. Sukari kaiweka chini. Sabuni chini. Majani ya chai kayanusa. Kurasa kazishika muda mrefu bila kuzifungua, kisha akaziweka kabatini, juu ya sahani, pale pale ilipokaa tasnifu. Nikamwambia hizi hazirudishwi. Akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika.

Tumekaa uani. Karanga zimeanikwa kila mahali, mtu hana pa kukanyaga.

Kesho narudi. Sasa hivi amekuja kuniomba begi, anasema viazi vya safari hii ni vikubwa. Ndani yake kuna kitabu kimoja cha maktaba, cha kurudishwa Jumatatu.

Nimempa begi.